Karatasi ya Huru na Nyumba Isiyo na Mrithi

Tulipokuwa chuoni Malindi, kitabu cha fiqhi tulichokisoma kilikuwa Abu Shujaa, na kila mwaka maalim wetu, Mola amrehemu, alikifunga kabla hakijesha. Mlango wa mwisho wa kitabu kile ni mlango wa kuacha huru watumwa. Maalim akifika hapo hukunja miwani yake, akasema, "Huu hauna kazi siku hizi," kisha akaturudisha kwenye mlango wa twahara, kana kwamba hatujapata kutawadha.

Mwaka 1981 mlango ule ulipata kazi.

Jirani yetu alikuwa bibi mkongwe ambaye watoto wa mtaa mzima tulimwita Nana. Asubuhi akiuza mahamri, jioni kashata za nazi. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba viwili na uani, na aliijenga mwenyewe kwa pesa ya mahamri hayo. Ardhi iliyo chini ya nyumba haikuwa yake. Kila mwisho wa mwezi alikuja kijana na daftari, Nana akafungua fundo la leso yake akalipa kodi ya ardhi, na kijana akaenda zake bila ya hata kuonja hamri. Mume alitangulia zamani, mtoto hakujaaliwa. Alipofariki alikuwa amepita miaka 80.

Siku ya tatu tulisoma hitima. Mimi nilikuwa na miaka 11, na kazi yangu ilikuwa birika la kunawishia wageni. Sahani za pilau hazijaondoshwa, mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango akakohoa, akasema ingefaa jambo la nyumba ya marehemu lielezwe mapema, kwa kuwa nyumba hiyo ni yao. Akaulizwa kwa nasaba gani. Akajibu kuwa si nasaba, ni walaa. Babu yake ndiye aliyekuwa bwana wa mama yake Nana.

Barazani pakawa kimya. Walaa, kwa msomaji asiyefika mlango ule, ni fungamano linalobaki baina ya aliyeacha huru na aliyeachwa. Aliyeachwa akifa bila ya mrithi wa damu wa kuimaliza mali, anayeichukua ni yule aliyemwacha, na baada yake wanaume wa kizazi chake. Na mara nyengine fungamano hilo hushuka hadi kwa watoto wa aliyeachwa. Mzee yule hakuzua neno. Na aliyasema hayo bila ya chuki yoyote, kama mtu anayedai nazi iliyoangukia upande wa pili wa ua.

Maalim wetu alikuwepo. Aliuliza swali moja tu: "Mama yake aliachwa huru na nani?"

Nyanya yangu, aliyekuwa ndani pamoja na wanawake wenziwe, alilisikia swali. Akatuma mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda cha Nana. Ndani yake mlikuwa na pete mbili za fedha, risiti za kodi zilizofungwa uzi, na karatasi moja ya Kiingereza yenye mhuri, imekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Karani mmoja aliyekuwa msibani akaisoma. Ilisema kuwa mwanamke aliyetajwa humo amepata uhuru kwa sheria ya serikali ya mwaka 1907, na kwamba bwana wake amepokea fidia.

"Babu yako, bwana wangu, hakumwacha huru," alisema maalim. "Babu yako alilipwa. Aliyemwacha ni Mfalme Edward. Akitaka kurithi, na aje mwenyewe."

Watu wakacheka, na mzee naye akacheka, akaomba radhi, akaenda zake. Nami nikadhani Nana ameshinda. Baada ya miezi mitatu alikuja kijana wa daftari na watu wawili wenye mitaimbo. Mwenye nyumba amekufa, mrithi hakuna, kodi hailipwi, na mwenye ardhi anataka kiwanja chake. Nyumba ilivunjwa kabla ya adhuhuri. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: vipi mama apate uhuru kwa karatasi ya mhuri, binti afe na risiti zake zote zimetimia, na pasiwe na sheria hata moja ya kumsimamia, si ya serikali wala ya kitabu?

AHADI YA 1890

Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini, na mwaka 1876 akakataza misafara ya kuwaleta kutoka bara. Amri hizo zilihusu biashara. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa Malindi, Mambrui au Takaungu alibaki mtumwa, na mashamba ya mtama na ufuta yaliendelea kulimwa kwa mikono yake.

Amri iliyogusa hali ya mtumwa mwenyewe ni ile aliyoitoa Seyyid Ali bin Said tarehe 1 Agosti 1890. Ndani yake mlikuwa na mambo mawili ambayo lau yangalitimizwa, makala haya nisingekuwa na haja ya kuyaandika. La kwanza, kila mtumwa alipewa haki ya kujinunua mbele ya kadhi kwa bei ya haki, na kadhi ampe karatasi ya huru pale pale. Na aliyepata uhuru wake awe katika himaya maalumu ya Sultani, asidhulumiwe. La pili, mtumwa aliruhusiwa kupeleka madai yake kwa kadhi na kwa Sultani sawasawa na raia asiye mtumwa.

Aliyesoma Suratun Nur aya ya 33 ataliona jambo la kwanza si geni. Hapo Mwenyezi Mungu ameamrisha mtumwa anayetaka mkataba wa kujikomboa aandikiwe, akionekana kuwa na kheri, tena asaidiwe kwa mali. Na katika Suratut Tawba, aya ya 60, limetengwa fungu la zaka kwa ajili ya kukomboa shingo. Basi amri ya 1890 ilikuwa na mizizi katika dini ya hao hao wenye watumwa. Lakini wenye watumwa waliguna, na kabla mwezi haujesha ikatoka amri ya pili: mtumwa akileta fedha, bwana wake halazimishwi kuzipokea. Himaya ikabaki kwenye karatasi, na mlango wa kuiingilia ukafungwa.

Na haki ya kushtaki nayo, ni kushtaki kwa nani? Waliokaa kwenye viti vya hukumu Mwambao huu walitoka katika nyumba zile zile zilizokuwa na mashamba. Salim bin Khalfan, aliyekuwa Liwali wa Malindi kisha wa Mombasa, alikuwa pia mmoja wa wenye mashamba makubwa kabisa na watumwa wengi kabisa upande wetu. Simtaji kwa ubaya. Mtu huyo alikuwa na sifa zake, na wazee wetu walimheshimu. Nataja tu kuwa mtumwa wa Malindi aliyetaka kumshtaki bwana wake kwa kumpiga ilimbidi asimame mbele ya bwana wa watumwa mwengine.

MTO HUU, SHERIA ILE

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao katika nchi hii, na ukanda wa maili kumi wa Mwambao ukabaki wa Sultani, wao wakiukodi kwa malipo ya kila mwaka. Sir Arthur Hardinge, mwakilishi wao, aliwaahidi watu wa Mwambao kuwa dini na ada zao hazitaguswa. Ahadi njema. Ila ada iliyolindwa kwa bidii kuliko zote ilikuwa ile ya kumiliki watu.

Tarehe 6 Aprili 1897 Seyyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri kuwa mahakama za Unguja na Pemba hazitatambua tena dai lolote la bwana juu ya mtumwa. Mombasa, Malindi na Lamu hazikuwemo. Sultani ni mmoja, bendera ni moja, dini na madhehebu ni yale yale. Lakini mtumwa wa Chake Chake aliweza kwenda mahakamani kuomba uhuru mwaka 1897, na ndugu yake wa Malindi, pengine aliyeshuka naye katika jahazi moja, akangojea mpaka 1907.

Hata hapa kwetu hali hazikuwa sawa. Waliokamatwa na manowari za Waingereza baharini waliletwa Kisauni, mahali palipoitwa Freretown tangu miaka ya 1870, wakawa huru chini ya kanisa. Kengele yao ndiyo iliyoupa jina mtaa wa Kengeleni. Waliokuwa wametoroka na kukutwa Rabai tarehe 1 Januari 1889, zaidi ya watu 1,400, walipewa hati za uhuru na George Mackenzie wa Kampuni ya Waingereza, na mabwana zao wakalipwa. Aliyekuwa bado shambani siku ile, akipalilia mtama kwa kumcha bwana wake, hakupata hati. Utii wake ndio uliomponza.

Tena tusidhani amri ya 1897 ilisema kuwa watumwa wote ni huru. Haikusema hivyo. Mtumwa ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akaombe. Bwana alipewa fidia. Mtumwa alipewa masharti: aoneshe kuwa ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji, na akiwa anakaa katika ardhi ya mtu, alipe. Ardhi gani huko Pemba haikuwa ya mtu? Kwa hiyo wengi waliotoka mahakamani wakiwa huru walirudi kwenye shamba lile lile, wakaandikiana na bwana yule yule kumfanyia kazi siku tatu kwa wiki, badala ya kodi ya kibanda na kijishamba. Mwungwana aliyekaa bila kazi hakuitwa mzururaji. Neno hilo lilitungwa kwa ajili ya aliyeachwa huru.

Lililoniuma zaidi katika habari hizi ni la masuria. Amri ya 1897 iliwatoa kabisa. Ilisemwa wahesabiwe kama wake wa nyumba, wasitoke ila wakithibitisha kuwa wanateswa. Maofisa wa Kiingereza walidai wanachelea kuvunja majumba ya Waislamu. Lakini mke huozwa kwa ridhaa, hupewa mahari yake mkononi, na ana mlango wa khului akichoka. Suria alikuwa na kipi katika hivyo? Walimpa kifungo cha mke wakamnyima haki za mke. Miaka 12 ilipita kabla amri ya 1909 ya Unguja haijawafikia, nayo ikaja na miba yake: suria akiondoka bila ya idhini ya bwana, hupoteza haki ya kukaa na watoto wake. Fikiri, msomaji, mwanamke amesimama mlangoni na furushi lake, mtoto amemshika kanga.

Fiqhi yenyewe ilikuwa imemtazama mwanamke huyu. Suria akimzalia bwana wake huwa ummu walad: haruhusiwi kuuzwa, bwana akifa huwa huru, na mwanawe ni huru tangu kuzaliwa, anarithi pamoja na ndugu zake wa mke wa ndoa fungu kwa fungu. Wako masultani wa Unguja waliozaliwa na masuria, Barghash mmoja wao.

KITABU NACHO

Nisije nikaonekana ninawalaumu Waingereza peke yao. Baada ya 1907 wako mabwana waliosema, na wako wanavyuoni waliowaunga mkono, kuwa aliyeachwa na serikali bila ya ridhaa ya bwana wake hakuachwa mbele ya Mungu. Wako mahuru waliokuwa na karatasi ya serikali mkononi, na bado wakaenda kwa bwana wa zamani kumwomba atamke kwa ulimi wake. Walitaka ndoa zao zisiwe na doa, na maiti zao zisije zikasemwa. Hapo bwana alipata mara mbili: serikali imemlipa fidia, naye amebaki na neno la kutamka, na pamoja na neno hilo urithi na uwali. Maana mwenye walaa huozesha pia. Binti asiye na baba wala ndugu wa damu, wali wake akawa mtu aliyemmiliki mama yake.

Sasa tukumbuke kisa cha Barira, ambacho kila aliyekaa msikitini amekisikia. Bibi Aisha alitaka kumnunua amwache huru, wenyewe wakashikilia kuwa walaa ibaki kwao. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakatalia: walaa ni ya anayeacha huru. Anayeuza na kutia fedha kibindoni hana lake. Hiyo ndiyo hoja aliyoitumia maalim barazani, na nadhani ingewatosha wengi wa waliodai katika miaka ile. Kisha Barira, alipokuwa huru, alikataa kuendelea na mumewe Mughith, aliyekuwa bado mtumwa na aliyemfuata njiani akilia. Mtume alimwombea mumewe. Barira akauliza kama hiyo ni amri, akajibiwa kuwa ni maombezi tu, akasema hamhitaji. Yakaisha. Mwanamke aliyekuwa mtumwa jana alisikilizwa mbele ya Mtume kuliko suria wa Unguja alivyosikilizwa mbele ya hakimu mwaka 1900.

Lakini hatuwezi kukimbia yaliyomo katika vitabu vyetu. Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi, ameandika kuwa aliyeachwa huru si kufu ya mwanamke aliye huru kwa asili. Kwa wengi wa wazee wetu hilo likawa ukuta. Maalik ameitazama kufu kwa dini; na Mtume mwenyewe alimwoza Zaid bin Haritha, aliyemwacha huru kwa mkono wake, kwa Zainab binti Jahshi, binti wa shangazi yake. Zaid ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani. Haya yalijulikana na yalisomwa. Hata hivyo posa zilirudishwa, na zinarudishwa; aulizaye huambiwa kijana "hajulikani asili yake", na kila mtu barazani hutazama viatu vyake.

Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alilijua hilo alipokuwa akifinyanga na kuuza vyungu kabla sauti yake haijafika Bombay mwaka 1928. Wimbo wake wa Kijiti, juu ya mwanamke aliyeuawa na muuaji akatorokea bara, wanyonge wa Ng'ambo waliusikia kama mashtaka dhidi ya mahakama. Mtu asiyesikilizwa mbele ya hakimu aliupeleka ushahidi wake kwenye taarabu.

ARDHI

Yote hayo yangevumilika lau aliyeachwa huru angepata mahali pa kusimama. Sheria ya 1907 ilimpa bwana fidia. Mtumwa haikumpa hata pishi ya ardhi. Mwaka uliofuata, 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi za Mwambao: kila mwenye dai alilete lisikilizwe, na ardhi isiyodaiwa ikathibitika ihesabiwe ya serikali. Tazama wakati wake. Mtu amepata uhuru juzi, hajui kusoma Kiingereza, hana hati, na mashahidi wa kipande anacholima ni jirani aliye kama yeye na bwana aliyemmiliki. Wenye majina na karatasi walidai, wakapata. Wamijikenda waliolima huko tangu enzi za babu zao walishindwa kwa wingi, na mahuru wakashindwa pamoja nao. Wakabaki wakiitwa maskwota katika mashamba waliyoyafyeka wenyewe.

Sheria ile ya 1908 ilikaa zaidi ya miaka 100, ikafutwa mwaka 2012. Hati zilizotolewa chini yake hazikufutwa nayo. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa "nyumba bila ardhi", jambo ambalo mgeni wa bara huliona kichekesho na sisi tumelizoea: kuta zako, makuti yako, mlango wako na kufuli yako, na udongo wa mwengine.

Rejea sasa kwa Nana. Walaa haikumpata, kwa sababu mama yake alinunuliwa na serikali. Na ninafurahi haikumpata. Serikali iliyomnunua haikumtia ardhini. Msikiti haukudai kwa niaba ya umma, ingawa mali isiyo na mrithi ina njia yake katika fiqhi, kwa sababu hapakuwa na cha kudai ila fito na udongo. Mwenye kiwanja alikuwa na haki yake ya kisheria, nami sina ugomvi naye.

Maalim alitusomesha mlango ule wa mwisho mwaka huo huo, mara moja, baada ya alasiri, polepole kuliko milango mingine yote.

Ule mkebe aliuchukua nyanya yangu. Pete alizitoa sadaka, na karatasi akaiweka ndani ya msahafu wake. Leo iko kwangu. Juu yake ameandikwa bwana aliyelipwa: jina lake, la baba yake, la babu yake, na nisba ya kabila. Mstari wa chini yake limeandikwa jina la mama yake Nana. Ni neno moja tu, na mbele yake, mahali pa jina la baba, karani amepiga kistari.